Waliotemwa wa Ziwa Tanganyika

Tarehe 21 Desemba 2013, Simba na Yanga zilikutana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, katika mechi ambayo haikuwa na pointi hata moja. Ilikuwa mechi ya kampeni ya bia, Nani Mtani Jembe, na kwenye msimamo wa ligi haimo. Hata hivyo, anayetaka kujua jinsi klabu hizi mbili zinavyopata watu na kuwapoteza aanzie hapo.

Langoni mwa Yanga alisimama Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, ambaye miezi michache nyuma alikuwa nahodha wa Simba. Aliyekuja kumsumbua kwa jezi nyekundu ni Amissi Tambwe, Mrundi aliyetua Msimbazi, yaani Simba, mwaka uleule akitokea Vital'O ya Bujumbura. Upande wa Yanga alikuwemo pia Emmanuel Okwi, Mganda ambaye Simba ilikuwa imemuuza Tunisia mwezi Januari, na sasa amerudi mjini akiwa amevaa njano na kijani. Simba ilishinda 3-1. Tambwe alifunga mawili, Awadhi Juma akaongeza la tatu ambalo mashabiki wa Jangwani, yaani wa Yanga, walimtwisha Kaseja, na bao la kufutia machozi la Yanga akalifunga Okwi. Haukupita muda kocha wa Yanga, Ernie Brandts, akafungashiwa virago.

Mwaka mmoja baadaye Simba ikamtema Tambwe, na Yanga ikamchukua katika dirisha lilelile.

Kigoma, mwisho wa reli, hadithi hizi zina uzito wa pekee, maana wengi wa watu hao walitoka kwenye ziwa hili au pembeni yake. Kaseja ni wa hapa. Bujumbura, alikotoka Tambwe, iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na maboti ya mizigo na abiria huondoka Kibirizi kwenda upande huo. Ng'ambo ya magharibi ni Kongo, na ndani zaidi ni Maniema, ambako wazee wa Ujiji wanaojiita Wamanyema wanajua walikotoka babu zao. Ukichora ramani ya usajili uliowahi kuwatoa watu machozi Msimbazi na Jangwani katika miaka 20 iliyopita, kalamu yako itarudi kwenye bonde hili mara nyingi kuliko unavyotarajia.

Nianze na Kaseja, kwa sababu daftari lake ni refu na kwa sababu ni mtoto wa nyumbani.

Simba ilimpata akitokea Moro United, akiwa kijana mdogo. Mwaka 2003 alikuwa langoni Simba ilipoing'oa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti kule Cairo. Kwa kazi ile peke yake kipa angeweza kuishi Msimbazi hadi uzee. Lakini mwaka 2008 alivuka barabara kwenda Yanga, na Yanga ikawa bingwa wa msimu wa 2008/09. Akarudi Simba mwaka 2009, na Simba ikatwaa ubingwa wa 2009/10 bila kupoteza mechi. Sidai kwamba kipa mmoja hubeba ubingwa peke yake. Ila kombe lilihama naye kwenda na kurudi, na hilo limeandikwa kwenye kumbukumbu za ligi, si porojo za vijiweni.

Kisha ikaja Mei 6, 2012. Simba ikaifunga Yanga 5-0, ikiwa na ubingwa mkononi, na miongoni mwa mabao yale lipo la penalti lililopigwa na kipa. Kaseja alitoka langoni kwake, akavuka uwanja mzima, akaweka mpira chini na kufunga. Mpaka leo ukitaka kumkera mtu wa Yanga mwenye kumbukumbu nzuri, huna haja ya kutaja mabao mawili ya Okwi siku ile. Mtajie la kipa.

Mwaka uliofuata mkataba wake uliisha na Simba haikumwongezea. Kwa miezi kadhaa nahodha wa jana alikuwa hana timu, hadi Novemba 2013 Yanga ilipompa jezi, na mwezi mmoja baadaye ikaja ile mechi ya Nani Mtani Jembe. Ndoa ile ya pili na Jangwani haikudumu, na iliisha kwa ugomvi wa fedha na mkataba. Baada yake alipita Mbeya City, Kagera Sugar na KMC, njia ambayo watu wengi waliiona kuwa ya kustaafu polepole.

Septemba 2019 timu ya taifa, Taifa Stars, ikapangwa na Burundi katika kufuzu Kombe la Dunia, na kocha akamwita kipa wa KMC aliyekwisha kusahaulika. Mechi ya Bujumbura iliisha 1-1. Ya Dar es Salaam nayo 1-1. Zikapigwa penalti, na Burundi haikufunga hata moja: 3-0. Mtu wa Kigoma akawazuia watu wa kaskazini mwa ziwa lake mwenyewe. Klabu zote mbili kubwa zilikuwa zimeshaamua zamani kwamba hana kazi tena kwao.

Sasa Tambwe. Katikati ya mwaka 2013 alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Kagame, michuano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati iliyochezwa Sudan, na Vital'O ikaondoka na kombe. Simba ikamleta, na katika msimu wake wa kwanza akafunga mabao 19 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu. Hakuwa mchezaji wa madoido. Ungeweza kumtazama kwa dakika 80 ukajiuliza amefuata nini uwanjani, kisha krosi moja ikaingia na kichwa chake kikawa tayari pale inapotua. Tatizo ni kwamba straika wa namna hiyo, mabao yakikauka kwa wiki chache, hana kitu kingine cha kuwaonyesha viongozi.

Hapa inabidi nieleze kanuni, maana bila hiyo kisa cha Tambwe kinaonekana kuwa ujinga mtupu, na hakikuwa ujinga mtupu. Wakati ule klabu iliruhusiwa kuwa na wachezaji wa kigeni watano. Dirisha dogo la Desemba 2014 Simba ilitaka Waganda: beki Juuko Murshid, Simon Sserunkuma, na zaidi ya wote Dan Sserunkuma, straika aliyekuwa moto wa kuotea mbali akiwa na Gor Mahia ya Kenya. Ili hao waingie, wengine lazima watoke. Akatoka Tambwe, akatoka na Mrundi mwenzake, Pierre Kwizera.

Kwenye besiboli ya Marekani jambo hili ni la kila msimu na lina utaratibu wake. Klabu hubadilishana wachezaji waziwazi, huyu kwa yule, au wawili kwa mmoja na fedha juu yake, na baada ya miaka 10 mashabiki hukaa na kupiga hesabu nani alimpunja nani. Kubwa kuliko yote lilikuwa la fedha tupu: Desemba 1919 Boston Red Sox walikubali kumuuza Babe Ruth kwa New York Yankees kwa dola 100,000. Boston walikuwa mabingwa wa mwaka 1918. Walisubiri ubingwa mwingine hadi 2004, na kwa miaka yote hiyo lawama ilikuwa na jina na anwani: Harry Frazee, mmiliki wa klabu aliyetia saini.

Kwetu hakuna mabadilishano ya namna hiyo, lakini ile nafasi ya tano ya mgeni iliyafanya yawepo bila mtu kukusudia. Simba, kwa vitendo, ilimbadilisha Tambwe kwa Dan Sserunkuma. Tofauti ni kwamba Gor Mahia haikumpata Tambwe. Aliyempata ni mtani, tena bure, kwa sababu mchezaji aliyeachwa huondoka akiwa huru.

Sserunkuma hakudumu Msimbazi. Tambwe alikaa Jangwani miaka kadhaa, Yanga ikatwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2014/15, 2015/16 na 2016/17, na katika ule wa kati yeye ndiye aliyekuwa mfungaji bora kwa mabao 21. Alipokutana na waliomwacha hakuwa na huruma. Septemba 2015 Yanga ilishinda 2-0, na bao moja lilikuwa lake. Februari 2016 ikashinda tena 2-0, na bao moja likawa lake. Oktoba mosi, 2016 akafunga jingine baada ya kuuweka sawa mpira kwa mkono, mwamuzi akalikubali, Jonas Mkude akalambwa kadi nyekundu katika vurugu za kulalamika, na mashabiki wa Simba wakang'oa viti vya Uwanja wa Taifa. Shiza Kichuya alisawazisha kwa kona iliyoingia moja kwa moja, lakini serikali ikazifungia klabu zote mbili kuutumia uwanja. Ukiwa mkali wa hesabu, gharama za viti vile nazo ungeziandika kwenye ukurasa wa Desemba 2014.

Ningetamani kusema Yanga ilijifunza kitu kwa kumwangalia mwenzake. Haikujifunza. Mwaka 2022, katika msimu iliotwaa ubingwa, iliachana na Saidi Ntibazonkiza, Saido, nahodha wa Burundi aliyeanzia Vital'O kabla ya kwenda Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa. Alikuwa na miaka 35, na kwa umri huo hakuna kiongozi anayelaumiwa kwa kutoongeza mkataba. Saido akaenda Geita Gold, akacheza nusu msimu kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa, na Desemba Simba ikamfuata. Kufikia mwezi Juni, katika mechi moja dhidi ya Polisi Tanzania, alifunga mabao matano. Msimu ulipofungwa alikuwa na mabao 17, sawasawa na Fiston Mayele wa Yanga, na wakagawana heshima ya ufungaji bora: Mkongo ambaye Yanga ilimng'ang'ania na Mrundi ambaye ilimwacha.

Naona hapo ndipo tabia ya soka letu inapojionyesha. Tunajadili sana usajili: nani anashuka uwanja wa ndege, nani amepigwa picha na jezi, dau lake ni kiasi gani. Mwaka 2012 Mbuyu Twite, aliyegombewa na klabu zote mbili, alitua Dar es Salaam upande wa Yanga akiwa na jezi yenye jina la Rage mgongoni, yaani Ismail Aden Rage, mwenyekiti wa Simba aliyedhani ameshamsajili. Mji mzima ulicheka. Lakini maamuzi makubwa yaliyogeuza ubingwa katika miaka hii hayakuwa ya kununua. Yalikuwa ya kuacha, na ya kuacha hayapigwi picha. Hutolewa kwa barua ya shukrani yenye aya mbili, na anayeitia saini hakumbukwi na mtu.

Haina maana kwamba kila aliyeachwa hugeuka dhahabu akivuka barabara. Jean Baleke, Mkongo aliyefunga kwa wingi Simba mwaka 2023, alitua Yanga mwaka 2024 na hakuonekana sana uwanjani. Mashabiki wa Yanga waliokuwa wamejiandaa kuwazomea watani walirudi kwenye shughuli zao.

Na wapo ambao hawakuachwa na mtu yeyote, walitafutwa tu na kupatikana. Mwaka 2023 Yanga ilimchukua Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union, klabu ya Kindu, mji ulio kando ya mto Lualaba. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hilo lilikuwa jina jingine la Kikongo. Kwa msomaji wa Ujiji lilikuwa jambo la ukoo. Nyangwe na Kasongo ndiyo miji ya Maniema ambako misafara ya karne ya 19 ilianzia kurudi mashariki, ikavuka ziwa na kufika Ujiji, na watu walioletwa na misafara ile, wengine kwa minyororo na wengine kwa biashara, walibaki wakajenga. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 baadhi ya watoto wao walipanda na kwenda hadi Kariakoo, ambako wana msikiti unaobeba jina lao. Kwa hiyo Novemba 5, 2023, Yanga ilipoichapa Simba 5-1 na Maxi akafunga mawili, Ujiji kulikuwa na wazee waliokuwa na haki ya kushangilia zaidi ya ile ya kadi ya uanachama. Zile tano za Kaseja na wenzake zikapata jibu lake.

Lakini nikilifungua daftari lote hili nikiwa Kigoma, kuna ukurasa mmoja ambao ni mweupe, nao ni wa Kigoma yenyewe. Ziwa limetoa watu, Dar es Salaam imebadilishana watu hao, na Mwanga, Gungu, Bangwe na Ujiji hazionekani popote kwenye hesabu. Sababu ni rahisi na haina uchawi. Kijana wa huku huondoka akiwa bado hana mkataba wowote. Anaonwa kwenye mashindano ya shule au ligi ya mtaa, anaitwa, anapanda treni. Timu iliyomfundisha kukaba na kupiga pasi haikuwa imemsajili kwa karatasi yoyote inayotambulika, hivyo hakuna cha kudai.

FIFA ina utaratibu wa kugawa asilimia 5 ya ada kila mchezaji anapouzwa nje ya nchi akiwa na mkataba. Fedha hizo huenda kwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Chukua ada ya dola 1,000,000: dola 50,000 hutengwa. Klabu iliyokuwa naye kati ya miaka 12 na 15 hupata dola 2,500 kwa kila msimu, na iliyokuwa naye kuanzia miaka 16 hupata dola 5,000 kwa kila msimu. Kinachoamua ni pasipoti ya mchezaji, ile orodha ya klabu alizosajiliwa tangu utoto. Na hapo kuna mtego wa pili: mchezaji akiondoka huru, kama Tambwe na Saido walivyoondoka, hakuna ada, na asilimia 5 ya sifuri kila mtu anaijua.

Hata fedha zikiwepo, kuzipata ni kazi nyingine. Okwi aliuzwa Étoile du Sahel kwa dola 300,000, bei iliyotangazwa kwa mbwembwe, na Simba ikazungushwa kwa miaka huku mchezaji mwenyewe akiwa ameshapita Yanga na kurudi Msimbazi. Klabu yenye wanasheria na mashabiki mamilioni ilihangaika hivyo. Timu ya mtaa wa Ujiji isingejua hata barua ianzie wapi.

Soka lenyewe Kigoma halijawahi kuwa dogo. Zamani RTC Kigoma, timu ya kampuni ya biashara ya mkoa, ilisafiri kwenda kucheza na wakubwa, na kampuni za mikoa zilipokufa timu zake nazo zikazikwa. Baada ya hapo ukaja ukimya mrefu. Kisha Desemba 26, 2018 timu ya jeshi kutoka Kigoma, Mashujaa, ilikwenda Uwanja wa Taifa ikaitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mabao 3-2, siku tatu tu baada ya Simba kuifunga Nkana ya Zambia na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka 2023 Mashujaa ikapanda Ligi Kuu kwa kuishusha Mbeya City katika mechi za mchujo. Aprili 2024 ikaitoa Simba tena kwenye kombe lilelile, safari hii kwa penalti, nyumbani, Uwanja wa Lake Tanganyika.

Uwanja huohuo ndio ulioandaa fainali ya kombe hilo Julai 25, 2021 kati ya Simba na Yanga, mkoa ukafurika watu kutoka Kasulu, Kibondo, Tabora na ng'ambo ya mpaka. Simba ilishinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga, dakika ya 80, na Mkongo wa Yanga, Mukoko Tonombe, alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Nikitazama orodha ya wachezaji wa siku ile naona msafara unaojiandaa kuondoka. Ndani ya wiki chache Luis Miquissone alikuwa wa Al Ahly, Clatous Chama na Tuisila Kisinda walikuwa wa RS Berkane ya Morocco, na ilipofika Januari Mukoko naye akachukuliwa na TP Mazembe. Hata msemaji wa Simba, Haji Manara, hakurudi kazini kwake baada ya Kigoma. Mwezi Agosti akatangazwa Yanga, klabu ambayo baba yake, Sunday Manara, aliichezea kabla ya kwenda Ulaya katika miaka ya 1970.

Wale wa Berkane na Al Ahly waliondoka kwa ada, na hesabu zao zilipita kwenye njia sahihi. Ndiyo tofauti niliyotaka ionekane. Mashujaa sasa ni klabu ya Ligi Kuu, na klabu ya Ligi Kuu inatakiwa kuwa na timu ya vijana, yenye majina, tarehe za kuzaliwa na namba za usajili. Mtoto wa Bangwe akisajiliwa huko akiwa na miaka 12 na akakaa hadi 15, kisha akauzwa nje kwa dola 1,000,000 akiwa na miaka 22, Kigoma inadai dola 10,000, hata kama katikati alipita Msimbazi, akatemwa, akaokotwa Jangwani. Kinachosubiriwa ni kuona kama kuna mtu ofisini kwa Mashujaa, au chama cha soka cha mkoa, aliyeanza kujaza fomu hizo.